Ule mzuka wa mbio wanaousema watu, mbona mimi siupati? Naomba ushauri

Mwendo_Mpya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nina jambo limenikaa kichwani muda mrefu, naomba mnisaidie. Nina miaka 34. Nakimbia asubuhi kabla ya kazi, siku nyingi za wiki, na ile hatua ya kuhema kwenye kona ya kwanza nimeshaivuka. Usingizi umerudi, suruali zinapwaya, hasira za ovyo zimepungua. Kwa hayo sina malalamiko.

Ila mimi na mke wangu tulianza pamoja, na mwenzangu anapata kitu ambacho mimi sikipati. Anasema kuna mahali akifika mwili unakuwa mwepesi, mawazo yanatulia, anatamani njia isiishe. Kuna siku alirudi machozi yanamtoka. Nikashtuka, nikamuuliza nani kamuudhi. Akasema hakuna, ni furaha tu imemjaa. Mimi narudi nimeloa jasho, nimechoka, nimeridhika kwamba kazi imeisha, basi.

Niwape picha kamili. Nakimbia kilomita 4 au 5, kama dakika 25, na kila mara najitahidi kuupita muda wangu wa juzi. Saa ya mkononi inaonyesha mapigo ya moyo 170 na zaidi. Mke wangu ana mwendo wa chini kuliko wangu, lakini anakaa njiani karibu saa nzima.

Je, huo mzuka ni kitu cha kweli au ni maneno ya kutiana moyo? Kama ni wa kweli, kuna watu wameumbwa wasiupate? Na kama kuna namna ya kuufikia, naomba mwongozo.

Kijiti_Cha_Tatu

Upo, mkuu. Hizo ni endofini, kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu na kuleta raha. Kaza mwendo, ukifika pale mwili unapoomba kuacha, usiache. Ng'ang'ana hapo hapo, ndipo zinapofunguka.

Mama_Alfajiri

Kijiti, kwenye kukaza nakupinga. Kukaza ndiko kunakoufukuza.

Nimekimbia miaka mingi na mzuka haujawahi kunijia siku ya mbio za kasi, hata mara moja. Unakuja siku ambazo sina haraka, kwenye njia ninayoijua, mwili ukishapata moto kabisa. Dakika 20 za kwanza ni ubishi mtupu. Miguu mizito, kichwa kinapanga kazi za mchana, kuna sauti inaniambia nirudi kulala. Halafu ubishi unakoma. Siwezi kusema ni sekunde gani, nagundua tu kwamba umekoma. Pumzi imejipanga na hatua, mabega yameshuka bila kuyaamrisha, na lile jambo nililokuwa nimelibeba tangu jana nalitazama kwa mbali, halina tena nguvu ya kunishika koo. Rangi za asubuhi zinakolea. Ninaopishana nao njiani nawapenda wote, na ninamaanisha upendo kabisa, kwa watu nisiowajua hata majina.

Wakati mwingine unakaa dakika 10, wakati mwingine unanisindikiza hadi mlangoni. Kuna wiki nzima unaweza usije. Mkeo aliyelia namwelewa. Usimsumbue kwa maswali mdogo wangu, mwache alie.

Maabara_Kidogo

Naomba niingie kwenye upande wa sayansi, maana habari ya endofini imezoeleka mno na ukweli wake una matawi.

Mtu akikimbia, endofini huongezeka kwenye damu, hilo halina ubishi. Lakini endofini ni molekuli kubwa, na ubongo una kizuizi kinachochuja vitu vinavyotoka kwenye damu. Endofini za kwenye damu hazikipenyi kirahisi. Kwa hiyo kuzipima kwenye damu ya mkononi hakukuambii kinachoendelea kichwani. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walipiga picha za ubongo wa wanariadha 10 baada ya kukimbia saa 2, na wakaona dalili kwamba ubongo wenyewe umemwaga kemikali za jamii hiyo, tena kwenye sehemu zinazohusika na hisia. Kijiti hajatudanganya.

Jaribio lililokuja kulitikisa wazo hilo ni la mwaka 2021, nalo pia la Ujerumani. Walichukua watu 63. Baadhi walipewa naltreksoni, dawa inayoziba vipokezi, yaani milango ya kwenye seli ambayo endofini huitumia kufanya kazi, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani yake. Wakakimbia dakika 45. Kama furaha ingekuwa inaletwa na endofini peke yake, waliozibiwa wangetoka kapa. Hawakutoka kapa. Furaha iliwajia na wasiwasi ukapungua, sawa na wenzao.

Basi ni nini? Ushahidi mwingi sasa unaelekea kwenye endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili unazitengeneza wenyewe na ambazo hufanya kazi kwenye vipokezi vile vile vinavyoguswa na bangi. Mojawapo inaitwa anandamidi, ilitambuliwa mwaka 1992 katika maabara ya Raphael Mechoulam kule Jerusalem. Hii inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kizuizi cha ubongo inakipita. Mwaka 2003 vijana wa chuo nchini Marekani walikimbia au kuendesha baiskeli dakika 50 kwa mwendo wa wastani, na anandamidi ikapanda kwenye damu yao. Mwaka 2015 ikajaribiwa kwa panya. Kwa kawaida panya akishakimbia sana wasiwasi wake hupungua, lakini walipoziba vipokezi vya endokanabinoidi, utulivu ule ukatoweka. Walipoziba vya endofini, ukabaki.

Sasa swali lako, Mwendo_Mpya. Mtafiti David Raichlen na wenzake waliwapima watu wakiwa kwenye mashine ya kukimbilia kwa viwango tofauti vya nguvu, dakika 30 kila kiwango. Mwendo wa wastani ndio uliopandisha kemikali hizi. Ule mwepesi wa kutembea haukupandisha, na ule mkali sana nao haukupandisha.

Chukua 220, toa umri wako, unabaki na 186. Huo ndio makadirio ya juu kabisa ya mapigo yako, ingawa ni makadirio tu na watu hutofautiana. Wewe unakimbia kwa 170, yaani zaidi ya asilimia 90. Mwendo wa wastani, yaani asilimia 70 hadi 80, kwako ni kama 130 hadi 149. Tena unaacha kwenye dakika 25, wakati majaribio haya yalichukua 30, 45, 50. Mkeo anaonekana yupo katikati ya eneo lenyewe bila saa wala hesabu.

Njia_Ndefu

Nakazia maelezo ya Maabara, ila niongeze neno kama mtu ninayewafundisha wengine kukimbia.

Kipimo rahisi ni mdomo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, lakini kuimba huwezi, upo mahali pake. Ukijibu kwa neno moja moja, punguza. Wengi wakianza kupunguza wanajiona hawafanyi mazoezi, na ndipo wanaposhindwa. Vumilia hapo. Mwili unajengeka vizuri sana kwenye mwendo wa polepole, na hata wakimbiaji wa kimataifa hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao kwa mwendo ambao wanaweza kupiga soga.

Usirefushe kwa pupa. Ongeza dakika chache kila wiki, na ukihitaji kutembea dakika 2 katikati, tembea, kisha endelea. Lengo ni kukaa njiani. Siku moja ya kasi kwa wiki ibakize kama unaipenda.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Mzuka unapunguza maumivu. Ukiwa ndani yake, goti linalolalamika utalisikia kwa mbali sana, na ndio wakati mtu anapoamua kuongeza kilomita nyingine 5. Kesho yake hashuki ngazi. Umbali wa siku uamue kabla hujatoka mlangoni, na uamuzi huo usibadilishwe na raha.

Mwendo_Mpya

Maabara, nimesoma maelezo yako mara mbili, nashukuru sana. Sikuwahi kufikiri kwamba kasi yenyewe inaweza kuwa ndiyo kikwazo. Mama_Alfajiri, maneno yako nimemsomea mke wangu, ameitikia kwa kichwa muda wote.

Swali kwa Njia_Ndefu: mwendo huo wa polepole kichwa changu kinauchoka haraka. Najikuta naongeza kasi bila kukusudia. Nifanyeje?

Njia_Ndefu

Kimbia na mkeo, kwa mwendo wake yeye. Na mzungumze.

Binti_wa_Pwani

Hiyo ya kukimbia wawili naiunga mkono. Kuna utafiti wa mwaka 2010 wa wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Oxford. Walifanya zoezi lile lile kwa nguvu ile ile, mara peke yao, mara kwa pamoja wakiwa wanakwenda sare. Walipofanya pamoja, uwezo wao wa kuvumilia maumivu ulipanda zaidi. Watafiti walichukulia hiyo kuwa ishara ya endofini, kwa hiyo Kijiti arudi, bado ana hoja. Mimi kinachonigusa ni kwamba mwili unajua kama upo na wenzake.

Tena Raichlen aliyetajwa hapo juu aliwapima pia mbwa na ferreti, yule mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, mwaka 2012. Kwa watu na mbwa endokanabinoidi zilipanda baada ya kukimbia, kwa ferreti hazikupanda. Maelezo yao ni kwamba viumbe ambao mababu zao waliishi kwa kukimbia mbali ndio waliopewa zawadi hii. Nikimkimbiza mbwa wangu siku hizi namtazama kwa jicho jingine kabisa.

Utulivu_Tu

Nataka niseme kwa niaba ya sisi ambao hatuupati. Nakimbia polepole, nakimbia mbali, nakimbia na watu. Yote yaliyosemwa hapa nayafanya na kile cha kulia kwa furaha hakijanifikia. Sioni kama nimekosewa katika kuumbwa.

Ninachopata kinakuja baadaye. Saa mbili tatu baada ya kuoga, wasiwasi wangu unakuwa umelala. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, wa kuamka usiku nikikagua mlango, kwa hiyo saa hizo ni mali kwangu. Naweza kusikiliza watu bila kukimbilia kuwajibu. Naweza kupokea simu ya bosi bila tumbo kukaza. Angalieni hata kwenye majaribio aliyoyataja Maabara, kupungua kwa wasiwasi kunapimwa sambamba na furaha, ni sehemu ya jambo lile lile. Mwendo_Mpya, umesema mwenyewe hasira za ovyo zimepungua na usingizi umerudi, halafu ukapita haraka. Rudi usome mstari wako huo.

Kijiti_Cha_Tatu

Nimerudi. Maabara nimekuelewa, hoja ya kizuizi cha ubongo ni nzito na nimejifunza. Ila siku za mashindano mimi hupata msisimko mkubwa nikimaliza nikiwa hoi kabisa. Huo nao ni nini?

Maabara_Kidogo

Huo ni wa kweli pia, lakini una vyanzo vingi vilivyochanganyika: adrenalini, watu wanaokushangilia, maumivu yaliyokoma ghafla, fahari ya kumaliza. Anachouliza mwanzisha uzi ni ule unaokuja mtu akiwa bado anakimbia, bila mashindano yoyote. Yote ni raha, ila njia zake si moja.

Mama_Alfajiri

Naomba niseme jambo ambalo linaniuma. Nimeona watu wakiutafuta huu mzuka hadi wanaharibikiwa. Anakimbia ana homa. Anakimbia mguu umevimba. Siku ya kupumzika anawafokea watoto. Akikosa siku moja anajiona mchafu. Ukijiona unaelekea huko, zungumza na mtu mapema, daktari au mshauri.

Na tafadhali, kizunguzungu, macho kuingia giza, kifua kubana au moyo kwenda ovyo usiite mzuka. Hapo unasimama, unatafuta msaada.

Baba_Wawili

Nimefuatilia uzi wote kimya kimya. Mimi natumia dawa ya shinikizo la damu, ya kundi la vizuia beta, na mapigo yangu hayapandi hata nikijitahidi. Hesabu ya 220 inaniambia nilenge namba ambayo siifikii kabisa. Ina maana mimi sina nafasi?

Njia_Ndefu

Nafasi unayo, kaka. Dawa za kundi hilo kazi yake mojawapo ni kushusha mapigo, kwa hiyo hiyo hesabu usiitumie kabisa na usijisukume kuifukuza namba. Tumia kipimo cha mdomo nilichokieleza juu: sentensi nzima sawa, wimbo hapana. Dawa usiiache wala usipunguze dozi ili ukimbie vizuri. Kabla ya kurefusha muda mwambie daktari anayekuandikia kwamba unataka kufikia dakika 45 za mwendo wa wastani, umuulize kama ana angalizo lolote kwa hali yako. Akikuruhusu, anza kwa kutembea haraka dakika 10, ingiza vipande vifupi vya kukimbia, kisha uje hapa utuambie umefikia wapi.