Gesi, tumbo kunguruma, vipimo havionyeshi kitu: aongeze dawa gani ya asili?

Mdau_Ujiji:
Wakuu, mgonjwa ni mama wa miaka 36, yupo Kigoma mjini. Akila tumbo linajaa na kunguruma, choo leo kigumu kesho anaharisha. Ultrasaundi safi. Choo kimepimwa mara moja, hakuna kitu. Kipimo cha damu cha vidonda vya tumbo bado kinasoma ana bakteria, na dozi alishamaliza. Kila asubuhi anakunywa asali na maji ya uvuguvugu, jioni shubiri, mlonge anatia kwenye uji. Omeprazo, ile dawa ya kupunguza tindikali, anameza siku tumbo likimkaza. Aongeze nini cha asili?

Maabara_Mwanga:
Asiongeze kitu kwanza. Kile kipimo cha damu kinasoma kinga za mwili, nazo hubaki miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Kujua kama dozi ilifanya kazi, aombe kipimo cha antijeni kwenye choo, kinachotafuta chembe za bakteria wenyewe. Omeprazo aiache wiki 2 kabla, na antibaotiki ziwe zimepita wiki 4, la sivyo jibu linaweza kutoka hasi wakati bakteria wapo.

Halafu choo cha mara moja hakitoshi. Mayai ya kichocho cha tumbo hayatoki kila siku, giardia, kimelea kingine cha utumbo, vilevile. Apeleke sampuli ya siku 3 tofauti, na aseme wazi kama anafua au kuoga ziwani. Asiposema, anaweza kupimiwa minyoo ya kawaida tu akarudishwa nyumbani. Kichocho kikionekana, dawa yake, prazikwanteli, ni miligramu 40 kwa kilo ya uzito: mwenye kilo 60 anameza vidonge 4 vya 600, akiwa amekula. Haiui minyoo michanga, kwa hiyo aliyeingia majini karibuni huenda akarudia baada ya wiki kadhaa.

Choo cheusi au chenye damu, kupungua uzito, homa, maumivu ya kumwamsha usiku: aende hospitali siku hiyohiyo, mitishamba ingoje.

Nyuki_Tabora:
Kwetu Tabora kuisema asali vibaya ni kesi, ila hapa sina budi. Ina sukari aina ya fruktosi nyingi kuliko ile ya glukosi. Utumbo usipoimaliza hiyo fruktosi, inashuka chini, bakteria wanaichachua, gesi hiyo. Embe bivu nalo ni hivyohivyo. Shubiri ndiyo mbaya zaidi: ule utomvu wa njano chini ya ganda unasokota tumbo na kuharisha, na ukitumiwa muda mrefu unapunguza potasiamu mwilini. Mlonge mwingi pia unalegeza choo. Huenda nusu ya ugonjwa ni hizo dawa. Aache zote tatu wiki 2, kisha arudishe kimoja kimoja, siku 3 kila kimoja, akiandika.

Jiko_Kibirizi:
Maharage ayaloweke usiku kucha, maji yamwagwe. Achemshe dakika 10, amwage tena, ndipo apike. Magadi yanalainisha haraka lakini yanaua vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Kitunguu akate vipande vikubwa, akikaange kwenye mawese, akitoe chote kabla ya kutia nyanya au maji. Sukari yake ya gesi huyeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki, kwa hiyo ladha inabaki. Ukichelewa kukitoa, umepoteza kazi. Maziwa fresh abadilishe kwa mgando, kidogo kidogo.

Mdau_Ujiji:
Asanteni sana. Tangawizi na mnanaa vipi?

Nyuki_Tabora:
Tangawizi sawa: kipande cha kidole gumba, kata nyembamba, chemsha dakika 10 kwa vikombe 2 vya maji, anywe kimoja baada ya kula. Ikizidi inaleta kiungulia. Kama anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza. Mnanaa unatuliza msokoto, ila unalegeza ule mlango wa juu wa tumbo, tindikali inapanda. Akiwa na kiungulia auache, hasa usiku kabla ya kulala.