Naomba ushauri: picha za vichwa vya treni vya dizeli, njia ya Jinja–Malaba

Habari wakuu. Nalenga treni za mizigo zinazovutwa na vichwa kuukuu vya Henschel (kampuni ya Ujerumani), ile reli ya Uganda ya zamani ya upana wa mita 1. Treni inayoelekea Malaba asubuhi hupigwa na jua usoni, hapo sina tatizo. Shida ni taa ya mbele: nikipima mwanga kwa fremu nzima, taa inaidanganya kamera, bodi ya kichwa inatoka nyeusi tii na magurudumu hayaonekani. Nikiongeza stopu 1 (mwanga mara mbili), taa inaungua na anga linapotea. Kwa sasa napima kwenye majani kabla treni haijatokea, na kamera naiweka hivi: kasi 1/500, f/8, ISO 400, lenzi ya mm 200. Ninyi mnapima wapi?

Pili, dereva akiongeza moto kwenye mwinuko, moshi unapendeza kweli, ila kuanzia saa nne joto linalopanda kutoka kokoto za reli linatikisa picha hadi namba ya ubavuni haisomeki. Kubana lenzi (kupunguza tundu lake) hakusaidii. Nisogee karibu na lenzi ya mm 85, au nipande juu ya tuta?

Na kibali: madaraja nayakwepa, yana walinzi. Stesheni ndogo mnamwona nani kwanza?