Simu ya kupwani au tableti ya darasani? Galaxy A26, Redmi Note 14, iPhone 11 na Tab A9+

MwalimuWete
Asalaam alaykum jamani. Mie nnasomesha skuli ya sekondari huku Wete, karafuu msimu huu zimekwenda vizuri alhamdulillah na sehemu yangu nishapewa, sasa nnataka kununua kifaa kimoja cha maana kabla pesa haijaingia kwenye mambo mengine. Bajeti yangu laki saba, ikibidi kabisa nane. Kazi zangu ni mbili na ndo zinazonchanganya. Wiki nzima nnasoma vitabu vya PDF, nnatunga maswali, na magrupu ya wazazi WhatsApp hayalali. Halafu maji yakikupwa siku za mapumziko nakwenda pwani na mama kwenye mwani, mkono mmoja kamba mwengine simu, na nikirudi nnapiga picha mwani ulioanikwa nimtumie mnunuzi aone ukavu wake. Nilizoziangalia ni Galaxy A26, Redmi Note 14 ile ya 4G, iPhone 11 ya kutumika, na kwa tableti Galaxy Tab A9+. Kila duka wanansifia ile waliyonayo wao. Nyie mlozitumia naombeni mnambie ipi itanifaa huku kwetu.

Ngalawa
Waalaykum salaam ticha. Kazi yangu baharini, napeleka wageni kutoka Nungwi mpaka Mnemba, kwa hiyo mie kitu cha mwanzo naangalia namba ya IP, ile inayoonesha simu inastahamili maji na vumbi kiasi gani, kamera baadae. A26 ni IP67, maana yake imepimwa kwa kuzamishwa mita moja nusu saa. Redmi Note 14 ni IP54, hiyo ya kurukiwa na maji, mvua ya njiani, matone ya kasia, lakini ikitumbukia hapo huna la kudai. Mtu anaesimama maji ya magoti na kamba za mwani mkononi simu itamponyoka tu siku moja, haina budi.
La pili jua. Saa sita mchana juu ya ule mchanga mweupe kioo hafifu huoni kitu, unapiga picha kwa kukisia. Hapo lazima nseme haki, Redmi inatajwa kufika niti 1800 (niti ndo kipimo cha mwangaza wa kioo) na A26 inaishia 1000, zote mbili vioo vya AMOLED. iPhone 11 ni LCD na mwisho wake niti 625. Niti 1000 kwangu zinatosha, 625 naziba kwa kiganja na bado nakodoa macho.

Fundi_Mlandege
Naongeza hapo kwa Ngalawa kwa sababu hii namba inawaponza watu wengi. Kipimo cha IP67 kinafanywa kwa maji matamu, si ya bahari. Samsung wenyewe wanaandika kwamba hawashauri simu hizo kutumika pwani wala kwenye bwawa la kuogelea. Chumvi inapitisha umeme na inakula madini, na pa kuanzia ni pale pale kwenye tundu la chaji.
Nimefungua moja hapa mezani, mwenyewe anaapa haijaingia maji hata tone, ilikuwa mfukoni tu kwenye boti. Zile pini za katikati ya tundu zimeota kijani kama sinia la shaba lililosahaulika, na pembeni ya soketi ya betri unga mweupe umekauka. Nikasugua kwa mswaki na spiriti taratibu, pini mbili zikamomonyoka zenyewe. Simu nzima, kioo kizuri, betri nzuri, lakini haichaji.
Kwa hiyo ukiwa na ya IP67 ikaingia maji ya chumvi, izime, isuuze maji matamu mara moja, ifute, isimamishe tundu likitazama chini penye upepo na usiichomeke chaja. Samsung ikihisi unyevu tunduni inatoa alama ya tone la maji, ikitoka alama hiyo usilazimishe. Na hii habari ya kuitia kwenye mchele naomba iishe, Apple walikataza wazi 2024 kwa sababu vumbi na chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Ya IP54 usijaribu kuisuuza, hiyo izime tu uilete kwa fundi haraka.

KijanaTunguu
mie nipo chuo hapa Tunguu na natumia Redmi, ticha usitishwe sana na maji. Note 14 ina betri ya mAh 5500 (ujazo wa chaji), A26 ni 5000, na chaji ya Redmi ni wati 33 wakati Samsung ni 25 na juu ya hivyo Samsung hawatii chaja kwenye boksi utanunua mbali. nyie Pemba umeme unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, ukikatika unakatika kisiwa kizima sasa ukirudi hata saa moja unataka simu inayokunywa chaji haraka. kamera yake ina megapikseli 108, A26 ni 50. bei pia ipo chini, inayobaki unanunua kava la maji lile la plastiki la kuvaa shingoni linauzwa Darajani. na kama hata hiyo ghali kuna Tecno na Infinix unapata mpaka RAM 16, yaani GB 16 za memori ya kuendeshea programu, kwa bei ya kawaida tu

Mkarafuu
Mdogo wangu mengine nakubali lakini hiyo RAM 16 soma maandishi madogo ya boksi. Mara nyingi wameandika 8+8. Nane ndo RAM ya kweli, nane nyengine ni nafasi imekopwa kwenye hifadhi ya simu, na hifadhi iko polepole mbali kabisa na RAM. Inasaidia programu zisifungike ovyo ukizihama, lakini simu haiwi ya RAM 16 kwa hilo. Na kuna nyengine 4+4 zinauzwa kwa jina la nane. Ukifika dukani waulize moja kwa moja, RAM ya asili ngapi, na umtazame muuzaji anavyojibu.
Megapikseli nazo hivyo hivyo. Ile 108 kwa kawaida inaunganisha pikseli tisa kuwa moja, picha inayotoka ni kama 12 mpaka uiwashe mwenyewe ile hali ya 108, na hapo faili linakuwa zito la kukumalizia bando. Picha za mwani kwenda WhatsApp zinabanwa tu, tofauti hutoiona. Kinachokusaidia A26 ni kamera kutulia mkono ukitikisika, ile kubwa ina OIS.

Bint_Bububu
Mbona iPhone 11 mnaipita tu jamani? Video zake mpaka leo simu nyingi mpya za bei hiyo hazizifikii, na ukitaka kuiuza hukosi mnunuzi. Ina IP68, mita mbili nusu saa, ya juu kuliko zote mlizotaja. Ilitoka 2019 na bado imepata mfumo wa iOS 26, wenzake XR na XS ndo wameachwa.

Fundi_Mlandege
Dada iPhone 11 ni simu nzuri, hapo sikupingi. Lakini IP68 ni ya simu ilotoka kiwandani na gundi yake. Hizi zinazoingia kutoka Dubai nyingi zimeshabadilishwa kioo au betri, fundi akishaifungua ile gundi ya pembeni inakatika, na wachache wanaorudishia gundi mpya ya kufaa. Kwa hiyo mtu ananunua ya kutumika kwa ajili ya IP68, kumbe hata tone la mvua linaingia.
Ukitaka kujua, ingia kwenye settings, jenero, abauti. Kama betri au kioo kimebadilishwa itaandika, na kama si kifaa halisi cha Apple utaona pia. Angalia na afya ya betri, ikishuka chini ya asilimia 80 utaishi ukutani, na betri ya 11 yenyewe mwanzo ni mAh 3110 tu. La muhimu kuliko yote, mwenye simu wa zamani awe ametoka kwenye akaunti yake ya iCloud, vyenginevyo siku ukiifuta upya umebaki na kigae. Na kwa wanaotamani za juu zaidi, iPhone 14 kuendelea zilizouzwa Marekani hazina kabisa mahali pa kutia laini, ni eSIM tupu, yaani laini ya ndani ya simu isiyo na kadi.

MwalimuWete
Ahsanteni sana, mengi siyajui haya. Fundi ile ya gundi imenishtua maana iPhone niliyooneshwa waliniambia "imebadilishwa kioo tu". Sasa swali, mie lazima laini mbili, moja inashika skulini na nyengine ndo inayoshika kule pwani, na nnataka memori kadi ya vitabu. A26 inaweza yote?

Ngalawa
Hapo ndo penye kasoro yake. A26 inapokea memori kadi, lakini tundu la laini ya pili ndo hilo hilo la kadi, kwa hiyo uchague. A16 ya Samsung nayo ni hivyo. Ukienda A36 na A56 kadi haipo kabisa. Tecno na Infinix nyingi zina matundu matatu, laini mbili na kadi kila moja na pahala pake, na hili kwa visiwani ni jambo kubwa wala si la kudharau. Mie nimenunua ya GB 256 nikaachana na kadi. PDF hazili nafasi, video za magrupu ndo zinazojaza, zima ile kujipakua zenyewe.

UmmuAyman
Salaam, nipo Chake. Nnaona nyote mnazungumza simu, ticha amesema vitabu! Mie nnayo Tab A9+ , kioo inchi 11, ukurasa wa kitabu unauona mzima na maandishi yanasomeka bila kuvuta kwa vidole. Kwenye simu ya inchi 6.7 mwalimu anaesoma PDF za kurasa mia kila siku anajiumiza macho, na mchoro wa bailojia ukiukuza huoni tena maelezo ya pembeni. Betri yake mAh 7040, nnasoma usiku mpaka nnachoka mwenyewe. Udhaifu wake upo, haina IP yoyote kwa hiyo pwani isahau kabisa, kioo chake LCD nje juani ni hafifu, chaji yake wati 15 tu, polepole. Inakula memori kadi lakini.
Tahadhari ni moja. Zipo za Wi-Fi tupu na zipo za laini, maboksi yanafanana. Ya Wi-Fi utaiwashia hotspoti ya simu, na hutumi wala hupokei pesa kwayo kwa menyu. Redmi Pad SE ya inchi 11 nayo ni ya Wi-Fi tu, betri kubwa zaidi mAh 8000. WhatsApp inakubali, unaiunganisha na namba ya simu yako, ila simu isikae siku 14 bila kufunguliwa WhatsApp, itakutoa. iPad ndo nzuri kuliko zote hizi kwa mwendo, lakini haina kadi na bajeti hiyo labda ya kutumika, na maneno ya fundi umeyasikia.

KijanaTunguu
da Ummu hapo umenena. basi anunue Redmi Note 14 kwa bei ndogo na ile inayobaki aweke akiba ya tableti, A26 itammaliza pesa yote abaki anasomea kwenye kioo kidogo

Mkarafuu
Hesabu hiyo ina mantiki kama simu haiendi majini. Yake inaenda. Halafu angalia na umri, A26 imetoka Machi 2025 na Samsung wameahidi apdeti za usalama miaka sita, inakwenda mpaka 2031. Mwalimu hanunui simu kila mwaka, na simu isiyopata apdeti iko siku programu za benki zitaikataa.

MwalimuWete
Nimekaa na mama tumezungumza. Yeye ndo kaamua la pwani, kasema simu inayotaka kuvishwa mfuko wa plastiki hataishika maana mikono ina utelezi na mfuko haufunguki. Kwa hiyo nnakwenda na A26 ya GB 256, laini mbili, kadi sina haja. Tableti naisubirisha mpaka mwani wa mara ya pili uuzwe, na itakuwa A9+ ya Wi-Fi, hotspoti ninayo. Nnunue hapa Wete au nimuagize mtu anaepanda boti aniletee kutoka Darajani?

Fundi_Mlandege
Kama tofauti ya bei ni ndogo nunua huko huko uliko, ikiwa na tatizo unarudi kwa miguu. Ukiagiza, huyo mtu asipokee boksi lililofunguliwa. Piga *#06#, namba ya IMEI inayotokea, ndo kitambulisho cha simu, ilingane na ya kwenye boksi, na hiyo namba iandikwe kwenye risiti na muhuri wa duka. Mambo ya IMEI si ya mchezo, Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizizima simu feki nchi nzima na watu waliamka na simu hazina mtandao. Tia laini zako mbili hapo hapo upige simu kila moja. Toka nayo nje juani uangalie kioo. Waranti waulize ni ya duka au ya Samsung, na kwa vyovyote haishiki maji, hata ikiwa IP67.

UmmuAyman
Ticha na kabla hujaiamulia hiyo A9+ njoo Chake siku yoyote baada ya alasiri, tia zile PDF zako kwenye memori kadi uje nayo, uzifungue kwenye yangu usome kurasa kumi ishirini. Kama maandishi ya mitihani ya zamani ilopigwa skani vibaya yanasomeka humo, basi nunua.