Naomba ushauri: Andrew Jackson alikuwa wakili wa "mpakani", au tuseme wa wapi?

Habari zenu wanajamvi. Naandika makala ya Kiswahili kuhusu Andrew Jackson, rais wa saba wa Marekani, si urais wake bali miaka yake ya uwakili, na nimekwama.

Aliruhusiwa kufanya uwakili North Carolina mwaka 1787. Mwaka uliofuata akavuka milima hadi Nashville, katika eneo ambalo leo ni Tennessee, kuwa mwendesha mashtaka, kijana wa miaka 21, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kesi za madeni. Tennessee ilipokuwa jimbo mwaka 1796 akawa mbunge wake wa kwanza, baadaye seneta, kisha jaji hadi 1804.

Kinachonitesa ni jina la eneo lile, pale makazi ya walowezi yalipokuwa yakiishia. Niliandika "mpakani". Mdogo wangu akasoma sentensi moja tu, akauliza, "Mpaka na Mexico?" Nikabadilisha nikaweka "nyikani", lakini roho inanisuta, maana Wacherokee na wenyeji wengine wa asili walikuwa wakiishi na kuwinda huko. Halikuwa pori tupu. "Pembezoni" nayo naiona imepoa mno.

Waliozoea kuandika historia, nyie mnatumia neno gani?

La pili: mwaka huohuo wa 1788 alimnunua mwanamke mtumwa, Nancy. Nimtaje hapohapo kwenye aya ya uwakili, au nimtengee aya yake? Mimi naelekea hapohapo, ila nahofia msomaji atampita haraka.

Natanguliza shukrani.