Tredimili ya nyumbani au kutembea nje? Nina milioni moja na laki mbili, nishaurini kabla sijaitoa

MamaK_Kimara
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wenu maana mwenzenu nimeshindwa kuamua. Mwezi uliopita tulipimwa presha kazini, yangu ikasoma 152 kwa 96, nikarudia hospitali baada ya wiki mbili bado iko juu, daktari akasema kabla hatujaingia kwenye vidonge anza mazoezi, tembea haraka nusu saa siku tano kwa wiki na chumvi upunguze, halafu urudi baada ya miezi mitatu tuone. Nina miaka 43, kilo 91. Nia ninayo kabisa, shida yangu ni muda. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili niwahi Posta na narudi saa mbili usiku, yaani naondoka giza narudi giza. Sasa kuna mtu anauza tredimili, ile mashine ya kutembelea ndani, iliyotumika, ilikuja na kontena kutoka Marekani, anataka milioni moja na laki mbili. Mume wangu anasema hiyo hela tumalizie simtanki, barabara zipo bure. Mimi naona ikiwa sebuleni sitapata pa kukwepea. Waliotumia vyote viwili niambieni kipi kinasaidia mwili zaidi na kipi mtu unadumu nacho.

Fundi_Mashine
Dada kabla ya yote nenda kaigeuze hiyo mashine, pale waya wa umeme unapoingia kuna kibati, soma volti. Za Marekani nyingi ni 110 hadi 120 na sisi huku tunatumia 230, ukiichomeka moja kwa moja bodi inaungua siku hiyohiyo. Utahitaji transfoma ya kushusha na isiwe ile ndogo ya redio, chukua ya wati 3000, hiyo ni hela nyingine nje ya bei.

Halafu uliza nguvu ya mota, lakini ile inayoweza kuihimili muda wote, sio ya kilele. Kwenye karatasi wanaandika HP 4, yaani nguvu za farasi, kwa maandishi makubwa kumbe hiyo ni ya sekunde chache tu. Kwa kilo zako kama ni kutembea HP 2 ya kweli inatosha, kama utakuja kukimbia basi isipungue 2.5. Na belti yake chini inapakwa mafuta ya silikoni kila baada ya miezi michache. Jamani silikoni!! Nimefungua mashine nyingi nikakuta mtu kapaka mafuta ya kupikia, yameganda na vumbi, mota imekuwa inavuta mzigo hadi imekufa.

Umeme usikutishe. Ya kwangu nimeipima, kutembea spidi 5 kwa nusu saa inakula kama robo unit, ukifanya siku ishirini ni unit tano kwa mwezi, haifiki elfu mbili. Kinachoua mashine ni umeme kupanda na kushuka, kwa hiyo weka stabilaiza.

Raba_Nyekundu
Mama K usinunue. Nimekimbia miaka tisa, mashine nimeitumia miwili, naongea ninachokijua. Barabarani kuna upepo unausukuma kwa kifua, kuna kilima, kuna shimo, kuna kona, mguu unakanyaga tofauti kila hatua na vifundo vinajifunza. Kwenye mashine unarudia hatua ileile mara elfu tatu. Mwaka 1996 huko Uingereza watafiti walipima hewa wanayotumia wakimbiaji, wakaona ili mashine ilingane na nje unatakiwa uiinue mwinuko wa asilimia 1. Maana yake ikiwa tambarare unafanya kazi pungufu na unajiona umekimbia.

Na mtu akiniambia bila vifaa haiwezekani namkumbusha Alphonce Simbu, marathoni ya ubingwa wa dunia, Septemba 2025 Tokyo, saa 2 dakika 9 na sekunde 48, yeye na Mjerumani wameandikiwa muda mmoja, wakatenganishwa na sekunde 0.03 dhahabu ikaja Tanzania. Miguu ile imejengwa na vilima vya Arusha.

Fundi_Mashine
Mkuu utafiti huo naujua, malizia basi. Hiyo asilimia 1 ni kwa wanaokimbia kuanzia kama kilomita 10 na nusu kwa saa kwenda juu. Mtu anayetembea kilomita 5 au 6 kwa saa upepo anaousukuma ni mdogo sana, kwake mashine na barabara ni sawasawa. Mama hajauliza habari za medali, ameuliza presha.

Raba_Nyekundu
Sawa hapo nimekubali, kwa kutembea tofauti haipo. Ila suala la vifundo nabaki nalo.

Bi_Sukari
Mwanangu Mama K, mimi nina kisukari mwaka wa sita na miaka 58. Nimetumia tredimili ya jimu miezi minne, nikaacha, sasa natembea. Jimu hawakunikosea chochote, ila mwili wangu unataka nitembee baada ya kula na jimu siwezi kwenda mara tatu kwa siku. Nikila ugali wa mchana nikakaa, kipimo cha sukari baada ya saa mbili kinanionesha 11 na kitu. Nikila uleule nikainuka nikazunguka mtaa dakika kumi na tano, nakuta 8 au 9. Nimerudia kupima siku nyingi mpaka nimeamini. Hilo daktari wangu alikuwa analisema kila kliniki mimi sisikii, nilisikia nilipoona namba kwa macho yangu.

Kwa wenye sukari wenzangu, nje msitembee na ndala. Raba iliyofunga, soksi, na ukirudi kagua nyayo, maana sisi tunaweza kukanyaga kijiti tusisikie. Na pipi mfukoni, sukari ikishuka ghafla.

Neema_J
Kaka Raba Nyekundu nakuheshimu lakini wewe ni mwanaume, alfajiri yako na alfajiri yangu si moja. Mimi nimetembea nje saa kumi na moja miezi mitatu. Mbwa wanaofunguliwa usiku na kusahaulika nje ya geti. Boda anakufuata polepole anakusemesha mita mia mbili na hakuna mtu barabarani. Siku simu iliponyakuliwa mkononi nilirudi nyumbani nikakaa kitandani natetemeka, nikakosa kazi siku hiyo. Mtu akisema barabara ni bure mimi najiuliza ni bure kwa nani. Nililipia jimu ya karibu na kazini, elfu sitini kwa mwezi, nafika saa kumi na mbili, tredimili dakika arobaini, naoga, naingia ofisini. Mwaka wa pili sasa. Sijawahi kuwaza kurudi kutembea peke yangu gizani.

MamaK_Kimara
Neema umesema kitu ambacho kipo moyoni mwangu na nilishindwa kumweleza mume wangu, nitamsomesha hii komenti yako.

Karura_Kila_Jumamosi
Salamu kutoka Nairobi. Mimi naona hamjaongea kuhusu kichwa, mnaongea mguu na mota tu. Nilikuwa nafanya tredimili jimu ya chini ya ofisi, dakika ishirini inakuwa kama saa mbili, nacheki ile skrini kila saa. Sasa Jumamosi naingianga msitu wa Karura, unalipa kiingilio pale geti, barabara ni za udongo, miti juu, magari huyasikii, nakimbia saa moja na nusu na sijasikia muda. Huo msitu tuko nao leo juu Wangari Maathai na wenzake walikubali kupigwa mwaka wa 1999 usigawiwe wajenzi, na mimi kila nikipita pale nafikiria mji usio na mahali pa kukanyaga mchanga watu wake watafanyia wapi mazoezi, wote watanunua mashine?

Katikati ya wiki bado natumia tredimili lakini. Mvua ya Aprili huku haichezi.

Shangazi_wa_Muscat
Assalam aleykum. Mie niko Muscat mwaka wa kumi na moja, kwetu Unguja. Nyie mnabishana kwa raha kwa sababu jua lenu linavumilika. Huku mwezi wa sita joto linapita 40, usiku wa manane bado hewa kama ya mdomo wa tanuri, mtu mzima akitoka kutembea mchana anaweza kuanguka. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa natumia tredimili ndani na kiyoyozi, sina hiari. Ukiingia mwezi wa kumi na moja nashuka pwani ya Qurum baada ya Isha, na buibui langu na raba zangu, wanawake tumejaa, watoto wanacheza, basi hapo mashine siiangalii tena hadi msimu urudi.

Mwanangu, hayo mambo mawili si lazima yagombane. Lakini ukiwa juu ya mashine usishike vile vyuma vya pembeni. Nakuona kama nakuona, kila anayeanza anashika. Ukishika unaubeba mwili kwa mikono, miguu inapumzika, mashine inakuhesabia kalori ambazo hukuzitoa. Kama huwezi kuachia, punguza spidi.

Fundi_Mashine
Shangazi umenena. Na ile kamba yenye klipu nyekundu ifungwe kwenye nguo, ukiteleza inajizima. Wenye watoto wadogo iondoeni kabisa mkimaliza muiweke juu ya kabati, vidole vya mtoto vikiingia nyuma ya belti ni hospitali.

Dogo_wa_Joging
Mbona hakuna aliyetaja joging za mtaani jamani. Temeke, Magomeni, Mbagala, kila mtaa una klabu, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi mnakusanyika na tisheti zenu, mbele kuna mtu anaimbisha nyuma mnaitikia kama mchakamchaka wa shule ya msingi, wamama wazito wapo, wazee wapo, nani atamkwapulia mtu simu katikati ya watu sitini. Anayechoka anatembea, kuna kundi la nyuma linamsubiri. Ada yetu sisi elfu mbili kwa mwezi na mmoja wetu akifiwa tunachanga. Dada Neema huku nje hatuko peke yetu.

Neema_J
Hiyo ya kundi naikubali, Jumapili naweza. Jumatatu hadi Ijumaa ndio hiyo klabu haipo.

Mbezi_Daima
Mama K mimi tunashea njia. Nikwambie nilichofanya, sijanunua kitu wala kulipia jimu. Jioni natoka Posta na basi la mwendokasi, badala ya kwenda hadi Kimara Mwisho nashuka kituo cha Baruti natembea kilichobaki. Ile barabara saa moja na nusu usiku ina taa, ina maduka, wauza matunda, watu wanatoka kazini kama wewe, sio uchochoroni. Na ule upande unapanda, kwa hiyo moyo unafanya kazi hasa, ukifika juu unahema na jasho limetoka. Wiki ya kwanza ilinichukua muda mrefu nikisimama njiani, sasa napandisha bila kusimama. Ukizoea unashuka vituo vya mbali zaidi, Kona, baadaye Kibo. Ule muda ungesimama umebanwa kwenye basi ndio unaoutumia, hauongezi muda mwingine kwenye siku yako. Mchana kula haraka, zunguka bustani au jengo lenu dakika kumi kama Bi Sukari alivyosema, hizo kumi zinahesabika, shirika la afya la dunia linataka dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kati na hawadai zikae sehemu moja.

Mwendo wa kati ni ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Raba_Nyekundu
Hii ya Mbezi Daima ndio bora kuliko zote mpaka sasa, pamoja na yangu.

MamaK_Kimara
Wakuu narudi na mrejesho, zimepita siku tisa. Kwanza Fundi Mungu akubariki, nilienda na mume wangu tukageuza mashine, kibati kimeandikwa 120V kama ulivyosema, muuzaji alikuwa hajui au alijua sijui, nikarudi na hela yangu. Simtanki limeshaletwa.

Pili nimeshuka Baruti siku sita kati ya siku saba za kazi. Siku ya kwanza nilisimama mara nne, nililia kidogo pale njiani kwa sababu nilikumbuka mama yangu alikufa na kiharusi akiwa na miaka 51 na mimi nilikuwa nauchukulia mwili wangu kama wa kukopa. Juzi nimesimama mara moja. Mume wangu Jumatano alinisubiri kituoni Baruti bila kuniambia, tukapanda wote.

Ninachohofia ni masika, Machi ikifika ile barabara inakuwa maji matupu na magari yanarusha tope. Nimeamua ile miezi mitatu nitalipia jimu jirani na kazini kama Neema, nifanye tredimili, mvua ikikata narudi kwenye lami. Swali la mwisho, raba. Ninazo za mtumba zina soli nyembamba na goti la kulia limeanza kuniuma nikishuka ngazi. Ni raba au ni uzito?

Bi_Sukari
Vyote viwili mwanangu, ila raba unaweza kuibadilisha kesho. Nenda Karume au Ilala asubuhi mapema mzigo ukifunguliwa, au nenda jioni miguu ikiwa imevimba kidogo kama hutaki kukosea saizi, jaribu na soksi, kidole gumba kibaki na nafasi ya unene wa kidole. Ikunje kwa mikono, ikijikunja katikati kama chapati iache, inatakiwa ikunjike kwenye vidole tu. Goti likivimba au likiuma ukiwa umelala, acha kutembea uende likaangaliwe.

Dogo_wa_Joging
Na Jumapili ukiweza panda na shem mje Magomeni, saa kumi na mbili kamili tunaondoka, kundi la nyuma linatembea tu. Dada Neema na wewe.

Neema_J
Nakuja. Nitavaa hijabu ya bluu, msiniache nyuma.