Mjadala: Wavuvi wetu wasukumwe nje ya mwamba, waende bahari kuu?

Mwana wa Likoni:

Salaam wenzangu. Jana barazani kwa BMU yetu (kikundi cha kusimamia ufuo na uvuvi) ilibaki kidogo tu turushiane viatu, na leo nauleta ugomvi huu hapa ili wengi wauamue.

Maneno yenyewe ni haya. Kila afisa anayeshuka pwani, awe wa serikali au wa mradi, ana wimbo mmoja: ndani ya mwamba samaki wamekwisha, wavuvi wamejazana, kwa hivyo tupewe boti kubwa za faiba, injini na barafu, tutoke tukavue bahari kuu. Akishataja "uchumi wa buluu" hata chai inanywewa kwa adabu. Na kweli hali ya ndani ni mbaya, hilo silibishi. Marehemu babangu alikuwa akitega malema matano mbele ya ufuo wa Shelly, akirudi na tafi na changu wa kutosha nyumba tatu. Mimi natega ishirini na kuna siku narudi na nyasi.

Lakini mbona hakuna anayeuliza huko nje kuna nini? Mji wetu una bandari iitwayo Kilindini, jina tunalitaja mara kumi kwa siku, na kilindi chenyewe hatukijui. Hapa Mombasa si kama ghuba ya Ungwana, ambako unakwenda mbali na bado maji ni ya kina kifupi. Hapa ukishatoka kwenye mlango wa mwamba, kilomita chache tu sakafu inaporomoka. Mita 200 kwenda chini jua halioteshi tena kitu. Mita 1,000 ni giza tupu.

Natoa mfano mmoja. Mwaka 2001 meli iliyokuwa ikiburuta nyavu upande wa Malindi ilipandisha samaki mkubwa kama mtu, magamba magumu, mapezi yametoka kama vikono vya mtoto. Silikanti. Wataalamu walikuwa wakiamini ametoweka zama za madainosa, mpaka mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Huyo wa Malindi ndiye wa kwanza kuandikwa Kenya, na tulimjua akiwa maiti kwenye nyavu. Kama mnyama wa kimo kile alikaa mlangoni petu miaka yote bila sisi kujua, ni wangapi wengine tutakaojuana nao kwa njia hiyo hiyo?

Msimamo wangu: tusisukumwe nje. Ndani tumekwisha kuharibu, sasa tunahamishia uharibifu mahali tusipoweza hata kuuona. Haya, nipingeni.

Nahodha Mstaafu, Mji wa Kale:

Mwanangu, nakupinga, na nakupinga kwa heshima kwa sababu babako nilimjua.

Huko nje unakokuita kusikojulikana, Wapemba wanakujua. Kila kaskazi ikiingia walikuwa wakija dago kwetu (kupiga kambi ya uvuvi), wanatoka nje ya mwamba kwa tanga na mshipi, wanarudi na nguru na jodari huku vijana wetu wakihesabu tasi. Nami nilitoka nao misimu saba. Tulikuwa tunarambaza, yaani tunakokota mshipi nyuma ya chombo, tunafuata ndege, ndege wakizama na sisi tunageuza. Hatukuharibu kitu. Kilichoharibika ni ndani, na unajua kwa nini: juya linaburutwa juu ya matumbawe, nyavu za matundu ya vidole viwili, na ile joto ya mwaka 1998 iliyoyafanya matumbawe yakawa meupe kama mifupa. Mwamba ule mpaka leo haujarudi ulivyokuwa. Sasa wewe unataka vijana wabaki humo humo kwa sababu ya samaki mmoja wa Malindi?

Anayeupenda mwamba na auache upumue. Na hautapumua mpaka watu wawe na pa kwenda.

Ila ninyi mnaogawa boti, sikilizeni na hili. Kusi likianza, kuanzia mwezi wa nne au wa tano, boti ya futi ishirini nje ya mwamba ni jeneza. Niliona mradi mmoja (siutaji) umeleta boti nzuri, zikazinduliwa kwa ngoma na fulana, na leo mbili zimelazwa ufukweni kuku wanatagia ndani. Injini hazina spea, barafu hakuna, na aliyefundishwa kuendesha alikuwa mpwa wa mtu.

Bi Karanga wa Kongowea:

Mimi si msomi wa bahari, mimi nakaanga samaki. Nina swali tu. Mwaka huu naletewa tewa wakubwa, wanono, lakini macho yamewatoka nje kama ya mtu aliyekabwa, na wengine tumbo limetokea mdomoni. Wateja wanasema wameoza. Nikiwanusa, hawanuki. Nikiwapasua, nyama safi, nyeupe. Wanauguaje hawa?

Mwanafunzi wa Mkomani:

Bi mkubwa, shikamoo. Hao hawakuugua, hao wamepandishwa haraka kutoka chini sana. Kila mita kumi za kina, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu yetu hapa nchi kavu. Kwa hivyo samaki aliyekaa mita 100 amebanwa mara kumi na moja ya vile wewe ulivyobanwa hapo jikoni. Ndani yake ana kibofu cha hewa kinachomsaidia asizame wala asielee. Ukimvuta kwa mshipi dakika mbili tatu, ile hewa inafutuka, inasukuma tumbo mdomoni na macho nje. Wauze bila wasiwasi. Lakini hiyo pia ni habari kwetu sote: watu wamekwisha kwenda huko chini, hawakungoja mjadala wetu.

Kaka wa Likoni na mzee Nahodha, naona nyote wawili mnasema kweli ila mnasema bahari mbili tofauti. "Bahari kuu" si kitu kimoja. Kuna maji ya juu ya kina kirefu, na kuna sakafu ya kina kirefu.

Jodari, nguru, fulusi na nduwaro ni wa maji ya juu, wanasafiri, wanakua upesi. Alivyovua mzee, kwa kurambaza, ukimpata mdogo unaweza kumrudisha akiwa hai. Sakafu ni jambo jingine. Huko kuna baridi na chakula ni haba, kinachofika ni makombo yanayonyesha kutoka juu: mizoga, kinyesi, vumbi la viumbe waliokufa. Kwa hiyo wengi wa chini hukua polepole na kuzaa kwa nadra. Huyo silikanti wa kaka ndiye mfano mkali kuliko wote. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walisoma alama za umri kwenye magamba, kama unavyosoma duara za mti, wakakadiria anaweza kuishi karibu miaka 100, jike anapevuka akikaribia miaka 60, na mimba yake inachukua kama miaka mitano. Mitano! Fanyeni hesabu: jike mmoja akinaswa leo, wa kuziba nafasi yake anaweza kuwa hajazaliwa.

Na bahari hizo mbili zimeunganishwa. Kila jua likitua, ngisi, kamba wadogo na samaki wenye taa mwilini hupanda kwa wingi usioelezeka kutoka kwenye giza kuja kula juu, na alfajiri hushuka. Hakuna msafara wa wanyama unaoufikia huo duniani, na unafanyika kila usiku nje ya Nyali watu wakiwa wamelala. Jodari anakula humo. Ukiivuruga chini, siku moja utaona juu.

Kijana wa Kizingo:

Haya yote mazuri lakini hamjataja meli za kigeni. Hapo nje si patupu! Zipo zenye leseni zinavua jodari kwa nyavu za kuzungushia na kwa mishipi yenye ndoana maelfu, na sisi tuko hapa tunamlilia silikanti. Tukikaa ndani ya mwamba kwa hofu, samaki hatasalimika, atabadilisha sahani tu. Pale Liwatoni tuna gati la samaki. Lijazwe na samaki wa boti zetu. Kisha Kongowea tuache kuuziwa samaki wa barafu kutoka Uchina, na bahari tunaiona kwa macho.

Mwana wa Likoni:

Kijana, hoja ya "wengine wanaiba kwa hivyo na sisi tuwahi" ndiyo iliyoumaliza mwamba. Kila mtu aliyeleta juya alisema jirani analo.

Mwanafunzi wa Mkomani:

Kijana ana nusu ya haki, tusimfukuze. Februari 2023 Kamisheni ya Jodari ya Bahari Hindi ilifanya kikao maalum hapa hapa Mombasa. Ugomvi ulikuwa juu ya vyelezo: zile chanja zinazotupwa baharini zielee na mikondo, zina kifaa cha setilaiti na kingine cha kupima samaki walio chini yake. Samaki wadogo hujikusanya kivulini, jodari wachanga nao wanafuata, meli inakuja kuzungusha nyavu na kubeba wote, mkubwa kwa mtoto. Kura ikapigwa, ikapita kwamba vyelezo hivyo visitumike kwa siku 72 kila mwaka. Haikupita miezi mitatu, Umoja wa Ulaya ukawasilisha pingamizi. Kwa kanuni za kamisheni hiyo, anayepinga hafungwi na azimio.

Kwa hiyo ninapoambiwa mvuvi wa Likoni ndiye aelimishwe kuhusu uhifadhi, huwa nacheka kidogo.

Mkaazi wa Tudor:

Mnabishana nani avue, na taka je? Mfuko wa plastiki umeonekana kwenye bonde la Mariana, bahari ya Pasifiki, karibu mita 10,900 chini, mahali penye kina kuliko popote duniani. Picha ni ya 1998. Sisi jaa la Kibarani lilikaa ukingoni mwa maji miaka mingapi? Mifuko imepigwa marufuku tangu 2017, chupa bado zinateremka na kila mvua. Hilo halihitaji boti wala leseni.

Mtanga:

Niruhusuni jirani yenu. Naandika kutoka Tanga, na haya mnayoyabashiri sisi tulikwisha kuyapitia.

Kwetu samaki wa karibu walipopungua, watu walishusha jarife, nyavu kubwa ya kutega, chini zaidi, kwenye miteremko ya mawe, wakimtafuta papa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kuanzia 2003 zikaanza kuja habari: wamepata samaki wa ajabu. Mmoja, wawili, halafu makumi kwa miaka iliyofuata. Wale samaki mchana hulala kwenye mapango ya kina hicho, usiku wanatoka kuwinda, na jarife limetandikwa mbele ya mlango wao usiku kucha. Na wala hana faida! Nyama yake ina mafuta mabaya, ukiila tumbo linakuendesha. Mvuvi amepoteza nyavu iliyochanika, na samaki amekufa bure. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake yeye silikanti. Ndipo ugomvi wa pili ulipoanza, kwa sababu mvuvi aliyekwenda chini alikwenda kwa njaa, na mstari kwenye ramani haumshibishi mtu.

Kwa hivyo Nahodha akisema watu wanahitaji pa kwenda, namuunga mkono. Mwana wa Likoni akisema tutajua tukiwa tumechelewa, yeye pia nasema naam. Kwetu kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali dogo kabla jarife halijazama: nyavu gani, kina gani?

Nahodha Mstaafu, Mji wa Kale:

Mtanga umenena. Jarife la chini hata sisi zamani tulilionea haya, ni nyavu inayovua huku mwenyewe umelala. Mshipi unajua umeshika nini.

Mwana wa Likoni:

Sawa. Nilisema tusitoke, narudi nyuma hatua moja, moja tu. Boti za kurambaza na mshipi kwa maji ya juu, kwa msimu wa kaskazi, zenye barafu na fundi wa injini anayeishi hapa hapa: hizo naziunga mkono na kesho nitasema hivyo barazani. Jarife la sakafuni na nyavu za kuburuta, hapana. Msisahau za kuburuta zilisimamishwa Ungwana mwaka 2006 kwa kelele za wavuvi wadogo, na 2011 zikarudi kwa masharti. Masharti ya baharini nani anayasimamia saa nane za usiku?

Na jambo jingine, hili nawaomba wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Mkomani. Mna meli ya utafiti, Mtafiti, tuliyopewa na Wabelgiji. Inapotoka na kurudi, matokeo yanakwenda kwenye makabrasha. Njooni mtuonyeshe hata picha moja ya sakafu iliyo mbele ya Shelly. Mvuvi akiona kuna matumbawe ya giza au mapango pale, atajua pa kutoshusha nanga.

Kijana wa Kizingo:

Na mkopo wa hizo boti? Au tunasubiri zile za ngoma na fulana?

Mwana wa Likoni:

Hapo ndipo tulipotaka kurushiana viatu.

Bi Karanga wa Kongowea:

Mwanafunzi, Mungu akuweke, nimewaambia wateja maneno yako ya kibofu na leo tewa wote wamekwisha kabla ya adhuhuri. Lakini kijana aliyeniletea nimemuuliza anavua wapi, akanionyesha kamba yake. Mwaka jana ilikuwa na fundo moja. Sasa ina mafundo manne, kila mara anaunga.