Nyumba ya kwenu Shela au Amu (mji wa Lamu), kisiwani Lamu, iko kwa nani leo? Tupeane uzoefu

MwanaWaShela: Assalaam alaykum jamaa. Hoteli ya Peponi ilipofunguliwa 1967, mamangu anasema Shela ilikuwa ya wavuvi, imejaa magofu. Babu aliuza gofu letu kwa mgeni akanunua mashine ya boti. Mashine ilikufa zamani. Gofu sasa ni jumba la orofa tatu lenye bwawa la kuogelea, na kodi yake ya wiki inaumeza mshahara wangu wa miezi. Kwenu je?

BintiLangoni: Waalaykum salaam. Mimi linaloniuma si bei. Kwetu Amu binti akiolewa hupewa nyumba, au baba humjengea orofa juu ya nyumba ya mamake, au wikio, yaani chumba cha juu kinachovuka kichochoro. Mume ndiye ahamiaye. Nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani ilikuwa inavuja. Mji uliingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO 2001, na ukarabati unatakiwa uwe wa kienyeji, chokaa na boriti, gharama baba hakuiweza. Akauza. Mabinti wanne sote tumepanga mtaa wa Wiyoni. Mdogo wetu alipoposwa, wakwe waliuliza nyumba iko wapi. Mama hakuwa na la kujibu.

FundiChokaa: Pole sana dada. Nami niseme haki: majumba hayo yamenilisha. Kuchonga zidaka, vishubaka vya ukutani, na kupiga plasta ya chokaa ilikuwa kazi inayokufa, wageni wakaifufua, wanangu wakasoma. Ila kiwanja Shela sijaweza kununua. Kila asubuhi navuka kwa miguu kwenda kujenga.

NahodhaMashua: Baada ya utekaji wa watalii huku Lamu 2011 wageni walikimbia, mashua zikalala. Nikadhani bei za viwanja zitashuka ninunue. Mwenye kiwanja niliyekuwa nikizungumza naye hakupunguza hata shilingi.

MjukuuWaMkomani: Sisi hatukuuza. Shangazi zangu walikataa kutia sahihi, alhamdulillahi. Tulimkodishia mgeni kwa miaka mingi, akaitengeneza kwa fedha zake badala ya kodi, muda ulipokwisha ikarudi kwetu. Dadangu anakaa humo sasa. Tafuteni wakili, mwandike kila kitu, na majina ya mabinti yawemo kwenye hati.

MwanaWaShela: Ndugu yangu, mkataba ulikuwa wa miaka mingapi? Na dari likioza katikati ya mkataba, nani alilipa? Nijibu upesi, ami yangu ana mnunuzi wiki hii.